Chungu cha Mama Wu

Watu wengi wakiona picha za vyombo vya kale vya Wachina husema, "Ni vitu vya kutisha," kisha hufunua ukurasa mwingine. Leo tusimame kidogo mbele ya kimoja, kizito kuliko vyote vinavyojulikana.

Wakulima walikichimbua mwaka 1939 karibu na mji wa Anyang. Sasa kimewekwa katika makumbusho ya taifa huko Beijing. Kilifanywa zaidi ya miaka 3000 iliyopita, zamani za wafalme wa Shang. Ni chungu cha pembe nne, chenye miguu minne na masikio mawili, uzito wake kilo 832. Mafundi walifanyiza kalibu za udongo, wakayeyusha shaba pamoja na bati na risasi, wakamimina. Kazi hiyo si ya mtu mmoja: yataka watu wengi wanaosikilizana.

Uzuri wake uko wapi? Pembeni pamejaa nyuso za wanyama wenye macho makubwa. Lakini katikati ya kila upande fundi ameacha mahali patupu, pasipo pambo lolote, na hapo jicho hupumzika. Fundi mwenye akili ajua pa kunyamaza. Ndani mna maandiko mafupi yenye kumtaja Mama Wu: mfalme alimfanyia mama yake marehemu chombo cha kupikia nyama ya sadaka.

Hata hivyo tusidanganyike. Penye masikio, chui wawili wa milia wameshika kichwa cha mtu vinywani mwao. Na katika makaburi ya Anyang watu wengi walichinjwa kuwa sadaka. Mkono hodari hautakasi tendo baya.

Basi tuvitupe vyote? Kanisa lilihangaika na swali hilo muda mrefu. Mwaka 1742 Papa Benedikto XIV aliwakataza Wakristu wa China desturi za kuheshimu wazee wao waliokufa. Mwaka 1939, mwaka ule ule chungu kilipotoka udongoni, Roma iliwaruhusu kuinama mbele ya marehemu na picha zao, kwa kuwa ni heshima tu, si ibada.

Nasi tukihukumu chungu hiki, tufuate njia hiyo: damu tuikatae, upendo wa mwana tuusifu. Mfalme yule hakusikia habari za Musa, lakini amri ya nne ilikuwa imekwisha kuandikwa moyoni mwake.