Jedwali la Kifaransa na Njeo ya Wakati Uliopo: Tunafundisha Nini Hasa?

Katika nchi zetu zilizotawaliwa na Wabelgiji, mwanafunzi anayejiunga na idara ya Kiswahili haji mikono mitupu. Amekwisha kupitia Kifaransa cha shule, na pamoja nacho amepitia jedwali: je parle, tu parles, il parle, nous parlons, vous parlez, ils parlent. Makala haya yanakusudia kulihakiki jedwali hilo. Linafanya kazi gani katika Kifaransa chenyewe? Na linaleta madhara gani linapohamishiwa katika somo la Kiswahili?

Tuanze na asili yake. Mwaka 1842 ndugu wawili wa ukoo wa Bescherelle walichapisha huko Ufaransa mwongozo wa mabadiliko ya vitenzi. Jina lao likabaki, na leo mwanafunzi akisema "Bescherelle" ana maana ya kitabu, si ya mtu. Toleo linalojulikana zaidi huorodhesha vitenzi 12,000, na kila kimoja huelekezwa kwenye kielelezo chake katika majedwali zaidi ya 80. Ni kazi kubwa na yenye manufaa. Tena matoleo ya karibuni yana sehemu inayoeleza sarufi ya kitenzi. Lakini kinachonakiliwa ubaoni ni majedwali tu, na sehemu ile ya maelezo husomwa na wachache. Kwa hiyo lawama si ya kitabu. Ni yetu sisi walimu tunaokitumia kwa kazi moja kana kwamba kimemaliza zote.

Kazi ambayo jedwali huifanya vizuri ni ya tahajia. Mwanafunzi lazima ajue kwamba tu parles ina -s na ils parlent ina -ent, kwa sababu sikio halitamsaidia: parle, parles na parlent hutamkwa namna moja. Mistari sita ya jedwali ina sauti tatu tu, yaani parle, parlons na parlez. Lazima ajue pia kwamba nous mangeons huhifadhi e, na nous commençons huandikwa kwa ç, ili sauti ya shina isibadilike. Mambo haya hayana njia ya mkato, na jedwali ni msaada.

Lakini hapo hapo jedwali linaficha jambo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili angepaswa kuambiwa siku ya kwanza. Katika Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi: ninasoma, unasoma, anasoma, tunasoma, mnasoma, wanasoma. Maumbo ni sita na sauti ni sita. Kiwakilishi "mimi" huongezwa kwa kusisitiza tu. Katika Kifaransa cha kusemwa, kwa vitenzi vya -er ambavyo ndivyo vilivyo vingi mno, mzigo wa nafsi hubebwa na kile kijineno kinachotangulia. Ukiondoa je, tu, il au ils, msikilizaji hajui ni nani anayetajwa. Kwa hiyo je si sawa na "mimi"; kazi yake inakaribia ile ya ni- katika "ninasoma". Kinacholingana na "mimi ninasoma" ni moi, je lis. Mwanafunzi aliyekariri jedwali mara mia anaweza asilione hili, kwa kuwa jedwali humwonyesha herufi, halimsikilizishi sauti.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya matumizi. Katika madaftari mengi jedwali la Kifaransa huwekewa tafsiri pembeni: je parle, ninasema. Mwanafunzi anatoka na kanuni kwamba wakati uliopo wa Kifaransa ni -na-. Kanuni hiyo si ya kweli. Tazama mifano hii. Il porte une chemise blanche: amevaa shati jeupe. Il dort: amelala. Je comprends: nimeelewa. Kifaransa kinatumia wakati uliopo. Kiswahili kinatumia -me-, kwa sababu tendo limekwisha na hali yake ingalipo. Mwanafunzi aliyezoezwa kwamba -me- ni passé composé ataandika il a porté une chemise blanche, na Mfaransa ataelewa kwamba shati lilivuliwa zamani. Akigeuka upande wa pili, atasema kwa Kiswahili "anavaa shati jeupe" kwa mtu aliyekwisha kuvaa na kukaa. Mwanafunzi wa hapa Burundi ana sababu ya ziada ya kustaajabu, kwani hata Kirundi chake husema yambaye, umbo la tendo lililotimia, kwa maana ile ile ya amevaa. Lugha zake mbili zinakubaliana. Anayemchanganya ni jedwali lenye tafsiri pembeni.

Mifano haiishii hapo. L'eau bout à 100 degrés ni kanuni ya maumbile, na Kiswahili husema maji huchemka, kwa hu- ya mazoea. Je pars demain ni ninaondoka kesho, na hapa kweli -na- inafaa. S'il pleut hudai wakati uliopo baada ya si, wala hairuhusu wakati ujao. Kiswahili hutumia -ki-: mvua ikinyesha. J'habite ici depuis trois ans ni nimekaa hapa miaka mitatu, na nipo bado. Kichwa cha habari cha gazeti la Kifaransa husimulia jambo la jana kwa wakati uliopo, na gazeti la Kiswahili hufanya hivyo kwa -a-: Mvua yaharibu mazao. Je viens de manger ni nimetoka kula sasa hivi, na hapa lugha hizi mbili zimekutana katika wazo moja, ila Kifaransa kimebaki katika wakati uliopo. Umbo moja la Kifaransa, basi, lina milango mitano au sita katika Kiswahili.

Madhara makubwa zaidi yanaonekana tunapofundisha Kiswahili kwa mpango huo huo. Maelezo mengi ya darasani huweka kichwa "wakati uliopo", kisha mistari sita ya ninasoma. Mistari hiyo haina ugumu wowote. Anayejua viambishi vya nafsi na kiambishi cha njeo ameimaliza katika dakika moja, wala tahajia haimtatizi. Ugumu wa Kiswahili uko katika kuchagua: -na-, -a-, hu- au -me-? Tena katika ukanushi -na- hutoweka kabisa, tukapata sisomi, ambayo hukanusha ninasoma na husoma pia. Saa nzima tunayotumia kujaza nafsi sita ni saa tuliyoinyima hoja hii. Tumeazima dawa ya ugonjwa ambao Kiswahili hakiumwi.

Najua jibu la walimu wenzangu: madarasa ni makubwa, na mtihani huuliza jedwali. Ni kweli, jedwali ni rahisi kusahihisha. Lakini tukipima kilicho rahisi kupimwa, mwanafunzi atapata alama nzuri na bado atashindwa kumweleza mgeni kwamba mtoto amelala. Na huyo ndiye tunayemwandaa awe mwalimu au mfasiri.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Kifaransa kifundishwe kwa sauti kabla ya maandishi, na vitenzi vigumu vijifunzwe kwa maumbo matatu badala ya sita: je bois, nous buvons, ils boivent, je viens, nous venons, ils viennent. Isipokuwa vichache kama être, avoir, aller, faire na dire, mengine hufuata. Pili, tafsiri ya neno moja pembeni ya jedwali ifutwe, mahali pake pawekwe sentensi kamili zenye mazingira. Tatu, katika somo la Kiswahili swali la mtihani liwe la kuchagua njeo na kueleza sababu.

Jedwali libaki mwishoni mwa kitabu, mahali pa kutazama tahajia. Walimu wenye maoni tofauti, hasa wanaofundisha lugha zote mbili, wanakaribishwa kujibu katika toleo lijalo.