Moto Bila Betri: Umeme wa Mashine za Boti za Zamani na Jinsi Unavyoharibiwa

Mashine ya boti ya Johnson au Evinrude ya nguvu farasi 10, ile ya kuvuta kwa mkono iliyotoka kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1950, haina betri, haina fyuzi, wala haina swichi ya ufunguo. Ina kamba. Unavuta kamba, flaiwili inazunguka, plagi mbili zinapiga moto. Ukiifungua flaiwili hiyo utakuta vitu vichache mno: koili mbili, pointi jozi mbili, kondensa mbili, na sumaku iliyopachikwa kwenye ukuta wa ndani wa flaiwili yenyewe. Mashine nyingi za aina hiyo zingali hai. Miongoni mwa zilizokufa kwa upande wa umeme, si haba zilizouawa na mtu aliyekuja kuzitengeneza.

Jambo la kushika kabla ya kugusa spana ni hili: umeme unaowasha plagi na umeme unaochaji betri ni kaya mbili zinazoishi chini ya paa moja bila kuombana chumvi. Paa ni flaiwili. Kaya ya kwanza haihitaji chochote kutoka kwa ya pili. Anayezichanganya, kwa kukusudia au kwa kutojua, ndiye anayezalisha hasara kubwa kuliko zote nitakazozieleza hapa.

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, alipoanza kuuza mashine zake mjini Milwaukee mwaka 1909, zilikuwa na nguvu farasi 1.5 na zilipata moto kutoka kwenye betri kavu. Betri kavu na unyevu havipatani, na mtu aliyekwama katikati ya ziwa na betri iliyokufa hana pa kuinunua nyingine. Magneto ya kwenye flaiwili ilikuwa jibu la tatizo hilo: mashine ijitengenezee moto wake kwa kuzunguka tu. Waingereza nao waliishika njia hiyo. British Seagull, mashine za kule Poole zenye silinda moja na propela inayozunguka taratibu, zilitumia kwa miaka mingi magneto ya Villiers yenye koili moja, pointi jozi moja na waya mmoja kwenda kwenye plagi.

Kazi ya pointi ni kukata umeme kwa wakati wake. Sumaku inapopita mbele ya miguu ya koili, umeme hujengeka kwenye waya mnene wa koili na kuzunguka kupitia pointi zikiwa zimefunga. Pointi zikifunguka, umeme huo unaporomoka ghafla, na kuporomoka huko ndiko kunakozaa maelfu ya volti kwenye waya mwembamba uliozungushwa juu yake. Kondensa ipo ili umeme usipate nafasi ya kuruka kati ya pointi zenyewe. Ikifa, cheche inabaki kwenye pointi, nyuso zake zinaungua, na plagi inapata makombo.

Sasa angalia ile nafasi ya pointi. Johnson na Evinrude za enzi hiyo, na hata Seagull yenye Villiers, zinataka inchi 0.020, yaani nusu milimita. Mafundi wengi huichukua namba hii kama suala la usafi tu, kana kwamba zikionekana zinafunguka basi yatosha. La hasha. Nafasi hiyo ndiyo inayoamua pointi zifunguke lini, na ni lazima zifunguke wakati sumaku ipo mahali ambapo umeme ndani ya koili umefika kileleni. Kile kipande cha plastiki ngumu kinachosugua kwenye kemu kikilika, nafasi inapungua, pointi zinachelewa, kilele kimeshapita, na moto unatoka dhaifu tena umechelewa. Kwenye mashine ya silinda mbili kila silinda ina pointi zake, kwa hiyo moja ikilika kuliko nyingine utapata mashine inayounguruma vizuri kwenye mwendo mkubwa lakini ikiteremshwa inatembea kwa silinda moja. Mwenye mashine ataitukana kabureta, na fundi atakayeifungua kabureta hiyo atalipwa bure.

Pima kwa vijibati vyembamba vya kupimia nafasi, kipande kile kikiwa kimesimama juu kabisa ya kemu. Ukimaliza kukaza skrubu, pima tena, maana kukaza kwenyewe husogeza. Kisha tia tone la mafuta kwenye kipande cha namda kinachoilainisha kemu kama kipo. Tone moja tu, kwani la pili litaishia kwenye pointi.

Mashine iliyolala msimu mzima wa kusi ina ugonjwa wake. Nyuso za pointi hujenga utando ambao macho hayauoni, na umeme mdogo unaopita pale hauna nguvu ya kuutoboa. Pointi mpya nazo hutoka kwenye pakiti zikiwa na mafuta ya kuzihifadhi. Ndiyo maana mtu hubadilisha pointi, kondensa na plagi kwa siku moja, na moto usionekane. Dawa ni kipande cha kadi ngumu kilicholowekwa spiriti: kiweke kati ya pointi zikiwa zimefunga, kivute, rudia hadi kitoke cheupe. Msasa mimi siupendi hapa. Unaacha chembechembe ambazo zitazuia umeme ule ule uliokuwa unautafuta, na unakwaruza nyuso zikaanza kuungua mapema.

Koili za asili za mashine hizi zina aibu inayojulikana. Ganda lake la plastiki hupasuka kwa umri, hata kama mashine haikutumika. Ufa ukishapatikana, unyevu unaingia, na joto linamalizia kazi. Dalili yake ni ya kuudhi: mashine inawaka asubuhi kwa mvuto mmoja, inatembea nusu saa, inazima, inakataa kabisa, kisha ikipoa inawaka tena. Ukiona ufa kwenye koili moja, badilisha zote mbili, kwa sababu zimezeeka pamoja. Unapofunga mpya, miguu ya chuma ya koili ilingane na kingo zilizochongwa za bamba inapokaa. Pitisha kidole uhisi. Ikitokeza nje itakwaruzana na sumaku, ikirudi ndani mno moto utapungua. Waya wa kwenda kwenye plagi uwe wa nyuzi za shaba. Waya wa gari wenye kiini cha kaboni haufai, kwa sababu koili hizi zina msumari unaochoma waya kutafuta shaba, na ukiikosa shaba hupati muungano wa kuaminika.

Na upimaji wa moto? Kuegemeza plagi kwenye bodi na kutazama cheche ni nusu ya jibu. Plagi ya mashine hizi ina nafasi ya karibu milimita 0.75, na kwenye hewa huru hata koili mgonjwa huiruka. Ndani ya silinda, hewa ikiwa imebanwa, volti zinazohitajika ni nyingi zaidi. Tumia kipimo chenye nafasi ya milimita 6, na moto mzima uiruke kwa rangi ya samawati. Ufanye mbali na tundu za plagi na tenki. Mvuke wa petroli haujali kwamba wewe ni fundi.

Flaiwili yenyewe ing'olewe kwa kifaa cha kuvutia kinachofungwa kwenye tundu tatu za katikati. Anayeivuta kwa kingo huipinda, anayeigonga kwa nyundo hudhoofisha au kulegeza sumaku. Wakati wa kurudisha, sehemu ya shafti iliyochongoka iwe safi na kavu, bila mafuta. Kile kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kazi yake ni kuonyesha mahali. Kinachoshikilia flaiwili ni mkazo wa nati. Nati ikikazwa kwa kukisia, flaiwili inacheza, kipande kinakatika nusu, na wakati wa moto unahama. Hapo mashine inapiga teke ikivutwa, na kamba inaweza kukuumiza vidole.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 pointi zilianza kuondoka. Mercury walikuwa na mfumo waliouita Thunderbolt, OMC, kampuni iliyokuwa mama wa Johnson na Evinrude, wakaleta wao, na mtindo huo ndio uliokuja kuzagaa hata kwenye Yamaha 40 za pwani yetu na za Ziwa Victoria: CDI. Dereva wa bodaboda anaijua, kwa kuwa pikipiki yake inayo. Koili iliyo chini ya flaiwili hutoa volti 200 hadi 300, kapasita inazihifadhi, koili ndogo ya kutoa ishara inafyatua, na shehena yote inamwagwa kwenye koili ya plagi kwa mpigo mmoja. Hakuna pointi za kulika. Ila fundi aliyezoea kuona tatizo kwa macho sasa ana kiboksi cheusi kilichozibwa, na kila asipopata moto anakisingizia kiboksi.

Mara nyingi kiboksi hakina kosa. Kuzima mashine hizi ni kuuelekeza bodini umeme ambao ungekwenda kwenye plagi. Kwa hiyo kitufe cha kuzimia kilicholiwa na chumvi, au waya wake uliochubuka ukagusa bodi, unaizima mashine siku nzima. Kitu cha kwanza kufanya moto ukipotea ni kuchomoa waya wa kuzimia na kuvuta tena. Moto ukirudi, umeokoa bei ya CDI, ila sasa ukiiwasha utaizima kwa choki, na kamba ya usalama haifanyi kazi hadi uurudishe waya ule. Pili, CDI nyingi hazitoi moto kama flaiwili haijafika karibu mizunguko 250 hadi 300 kwa dakika. Betri iliyochoka ikizungusha stata kwa uvivu, moto hautoki, na betri ndiyo ya kulaumiwa. Tatu, mita ya kawaida haiwezi kusoma vilele vya umeme huu wa kupigapiga. Bila kiunganishi chake maalumu itakuonyesha namba ndogo ya kukutisha.

Hapa ndipo zile kaya mbili zinapogombanishwa. Swichi ya ufunguo ya gari, ukiiwasha, inapeleka volti 12 kwenye mfumo wa moto. Swichi ya mashine ya boti yenye magneto hufanya kinyume: ukiizima, inaunganisha waya wa kuzimia na bodi, na ukiiwasha inauachia. Swichi ya boti imeharibika, ya gari ipo dukani na ina umbo lile lile, fundi anaifunga, anageuza ufunguo. Volti 12 za betri zinaingia kwenye waya ambao haukutengenezwa kuzipokea. Mashine ya pointi inaweza kuponea kwa pointi au koili kuungua. CDI inaweza kufa hapo hapo bila moshi wala harufu. Fundi anafunga mpya, anageuza ufunguo ule ule, na mpya nayo inakwenda. Nasema wazi: swichi ya gari isipande boti yenye magneto.

Upande wa kuchaji ni mwepesi kuelewa na mwepesi kuua. Koili ya taa hutoa umeme wa kwenda na kurudi, rektifaya yenye dayodi nne inaunyoosha, betri inaupokea. Kwenye mashine za zamani hakuna regulata. Betri yenyewe ndiyo inayozuia volti zisipande. Kwa hiyo ukiiondoa betri mashine ikiwa inatembea, au swichi kuu ikizimwa, volti zinaruka juu na rektifaya inatoboka. Ukigeuza waya wa betri, nyekundu kwenye hasi, inakwenda kwa sekunde. Mwenye Johnson ya stata anayetaka kutembea bila betri achomoe waya za njano kwenye rektifaya na kuziba kila moja peke yake kwa utepe. Na asifunge betri zile zilizozibwa zisizoongezwa maji: bila regulata, safari ndefu ya mwendo mkubwa huzichemsha bila njia ya kuzirudishia maji.

Matarajio nayo yapimwe. Koili ya wati 80 ni amperi sita na ushei, tena mashine ikikimbia. Betri ya amperi-saa 70 iliyotumika nusu yake usiku kwa taa za dagaa itahitaji saa sita za mwendo kurudi ilipokuwa. Safari ya dakika 40 kurudi ufukweni haiijazi, na rektifaya haina kosa. Ukitaka kujua kama inachaji kweli, weka mita kwenye betri: karibu 12.6 mashine ikiwa imezimwa, 13.5 hadi 14.5 ikikimbia. Kwenye mashine zenye saa ya mizunguko, mshale wake huchukua ishara kutoka koili hizi hizi. Ukianza kuyumba au kulala sifuri, mara nyingi umekuonya mapema kuliko betri.

Chumvi inazipiga kaya zote mbili, na inapopenda zaidi ni pale umeme unaporudi bodini. Fungua boliti za waya wa bodi kila mwaka, sugua hadi chuma king'ae, paka grisi, funga. Waya ukiuchuna ukakuta shaba nyeusi ndani, kata hadi uipate nyekundu, na ukiweza weka waya wa shaba iliyopakwa bati. Ukiosha mashine kwa maji baridi, usilenge bomba chini ya flaiwili.

Evinrude ilisimamishwa kutengenezwa mwaka 2020, miaka 20 baada ya OMC kufilisika. Koili za ile magneto ya miaka ya 1950 bado zinatengenezwa na kampuni za vipuri, na pointi zake zinaagizika. Kwa baadhi ya mashine za CDI zilizokuja nyuma yake, kiboksi kikifa, ni kutafuta mashine nyingine mbovu ya kuchinjia vipuri.