Wino wa Ramani ya Vinland

Kitabu kilichotolewa na wapiga chapa wa Chuo Kikuu cha Yale katika Oktoba 1965, chenye ramani ya Vinland pamoja na habari za Watatari, kilikuwa na sifa zote za kazi ya wanazuoni isipokuwa moja. R. A. Skelton, T. E. Marston na G. D. Painter waliichambua ramani hiyo kwa elimu kubwa ya historia, jiografia na Kilatini, wakaiweka karibu na mwaka 1440, yaani nusu karne kabla ya Columbus kuvuka bahari. Lakini wino wake haukupimwa kwa kemia kabla ya kitabu kuchapwa. Tena kazi ilifanyika kwa siri, hata wataalamu ambao wangeweza kuwasahihisha waliiona ramani siku ile ile walipoiona watu wote.

Ieleweke kwamba shauri hili silo la kama watu wa Greenland na Iceland walifika Amerika. Walifika, magofu yaliyogunduliwa na Helge na Anne Stine Ingstad kuanzia mwaka 1960 huko L'Anse aux Meadows, Newfoundland, yamelimaliza neno hilo. Linaloulizwa ni kama mistari ile ilichorwa katika karne ya 15.

Wino uliotumika sana Ulaya katika karne hiyo ulitengenezwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni, salfeti ya chuma na gundi ya mti. Wino huo huiuma ngozi, na kadiri miaka inavyopita mstari hufanya rangi ya manjano au ya kahawia pembeni mwake. Ramani ya Vinland nayo ina mistari yenye manjano pembeni, na weusi wa katikati umebanduka mahali pengi. Kwa jicho tupu ni dalili njema ya uzee. Walter McCrone alipochukua chembe ndogo ndogo akazitazama kwa hadubini, alitoa taarifa mwaka 1974 kwamba manjano hayo yana anatasi, ambayo ni namna moja ya oksaidi ya titaniamu, tena katika punje za mviringo kama zile za rangi nyeupe ya viwandani iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1920. Kwa maoni yake, mchoraji alitangulia kuchora mstari wa manjano, kisha akapitisha mweusi juu yake.

Thomas Cahill na wenzake wa California waliipima ramani kwa mwali wa protoni, na mwaka 1987 wakasema kwamba titaniamu iliyomo ni kidogo mno, na kwamba hoja ya McCrone haisimami. Yale ikachapa kitabu upya mwaka 1995 kana kwamba kesi imekwisha kushindwa. Nionavyo mimi, Cahill alijibu swali ambalo hakuulizwa. Mwali wa protoni hutaja elementi na kiasi chake. Hautaji ni fuwele gani, wala hautenganishi mstari wa manjano na mweusi ulio juu yake. Uzito wa hoja ya McCrone haukuwa katika kiasi, bali katika mahali na umbo. Mwaka 2002 Katherine Brown na Robin Clark wa London walitumia njia ya Raman, yaani kuangaza leza na kuisoma nuru inavyobadilika irudipo, wakaikuta anatasi katika manjano na si katika ngozi tupu. Na weusi wakaukuta ni wa kaboni. Jambo hili la mwisho limepitwa haraka mno na wasomaji. Wino wa kaboni hauiumi ngozi, basi hauwezi kuzaa manjano pembeni mwake. Aliyeyaweka aliyaweka kwa mkono.

Mwaka huo huo ngozi yenyewe ilipimwa umri kwa kaboni, ikapatikana ya karibu na 1434. Wako waliofurahi. Lakini ngozi kuukuu isiyoandikwa ndiyo kitu cha kwanza anachokitafuta mwenye kughushi, na matundu ya wadudu yanayolingana na ya kurasa za Vincent wa Beauvais yanathibitisha tu kwamba kurasa zilikaa pamoja. Hayasemi mistari ilichorwa lini.

Pingamizi la haki zaidi lilikuwa la Jacqueline Olin, aliyesema mwaka 2003 kwamba madini ya chuma yenye titaniamu yangeweza kuacha anatasi katika wino wa zamani. Jibu lake halipatikani katika ramani peke yake. Hapana budi kuupima wino wa kurasa jirani. Yale ilifanya hivyo, ikatangaza Septemba 2021: eksirei zimeonyesha titaniamu katika mistari ya ramani nzima na chuma kidogo sana, hali kurasa jirani zina wino wa chuma kama ilivyotazamiwa. Tena nyuma ya ramani yalikuwapo maneno machache ya Kilatini ya mfunga vitabu, ya kupanga kurasa za Vincent. Juu yake mtu ameandika kwa wino wenye titaniamu, ili yasomeke kama maagizo yahusuyo ramani. Hapo ndipo tunapojua kwamba haikuwa mchezo wa mtu aliyejifurahisha kwa kuchora.

Sisi wa lugha tusijisifu. Jina Erissonius, ambalo Leif amepewa katika ramani, lilitiliwa shaka mapema, kwa kuwa Kilatini cha namna hiyo chafaa zaidi wanazuoni wa karne za baadaye. Shaka hiyo ilikuwa njema, lakini mwandishi mmoja wa ajabu huweza kutangulia desturi ya wenzake.

Nasi tunazo tarehe tunazozitegemea. Mswada wa Utendi wa Tambuka ulioko Hamburg unataja mwaka 1141 wa Hijra, ambao aghalabu huandikwa 1728. Simshtaki mtu kwa kughushi. Lakini mwaka uliotajwa ndani ya maneno huweza kunakiliwa pamoja na maneno, na mabishano yetu juu ya miswada ya pwani yameegemea lahaja na mwandiko. Ningependa kila atakayehariri mswada wa herufi za Kiarabu aseme kwanza kama wino wake ni wa masizi au wa chuma, na kama mistari ya tarehe imeandikwa kwa wino ule ule wa beti.