Mwalimu Ajuaye kwa Mwili Wake

Ovari haionekani kwa macho. Daktari huitafuta kwa vidole viwili vilivyo ukeni huku mkono wa pili ukibonyeza tumbo kwa nje, na mwanafunzi anayejaribu kwa mara ya kwanza hajui kama amegusa ovari au utumbo. Profesa aliyesimama pembeni naye hajui. Anayejua ni mwanamke mwenyewe, maana ikiguswa anaihisi. Ndiye atakayesema: "Hapo hapo, umeipata. Sasa punguza nguvu."

Mwanamke huyo si mgonjwa. Ni mwalimu aliyesomea kazi yake, anayewafundisha wanafunzi wa udaktari wampime yeye mwenyewe. Mmoja wa waanzilishi wa kazi hii ni Dkt. Robert Kretzschmar wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mwaka 1968 alimpata muuguzi aliyekubali kupimwa na wanafunzi, ila alifunikwa asitambulike, na maneno yake kwao yalikuwa machache. Miaka michache baadaye wakaja wanawake walioongea na wanafunzi ana kwa ana na kuwasahihisha. Kwangu mimi, ufundi wenyewe ulizaliwa hapo, mwanamke aliporuhusiwa kusema.

Bila walimu wa aina hiyo, wanafunzi wengi walijifunzia kwa wanawake waliopigwa nusu kaputi, tena bila kuombwa ridhaa. Ni aibu iliyodumu: hadi mwaka 2024 serikali ya Marekani ilikuwa bado inazielekeza hospitali za nchi hiyo zipate kwanza ridhaa ya maandishi. Na aliyelala usingizi wa dawa hafundishi lolote. Hakunji uso, wala hakwambii kwamba mkono wako ni wa baridi.

Mwalimu wetu yuko macho, ameegemea nusu kuketi, kioo mkononi, naye anaona kila kinachofanyika. Spekulamu, chombo cha kufungulia uke, ipashwe kwa maji ya uvuguvugu. Mgongo wa mkono utangulie kwenye paja, ili mguso wa pili usimshtue. Chombo kielemee ukuta wa nyuma, kwa kuwa mbele kuna njia ya mkojo na pakibanwa panauma sana. "Usiniambie nipanue miguu," anamwambia kijana ambaye jasho limeanza kumtoka. "Niambie nilegeze magoti yaangukie pembeni. Na ukiniuliza kama naumia, nitazame mimi, usitazame chombo." Kijana anarudia tangu mwanzo. Safari hii anamtazama.

Huku kwetu kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kwa siki huchukua dakika chache tu, lakini lazima spekulamu iingie kwanza. Mama akiumizwa au akivunjiwa heshima siku hiyo, kumrudisha kliniki ni kazi kubwa, na jirani zake watayasikia yaliyompata.

Basi nawaomba wakuu wa vyuo vyetu vya udaktari: watafuteni wanawake walio tayari kuifanya kazi hii kwa hiari yao, wafunzeni vizuri, walindeni, na muwalipe mshahara wa mwalimu.