Vali au Transista? Santuri Katika Darasa la Mpakani

Miongoni mwa walimu wa Kiswahili walioko Busia na Tororo umezuka ubishi ambao hapo mwanzoni tuliudhania kuwa mchezo wa wazee: je, santuri zisikilizwe kwa kikuza sauti cha vali au cha transista? Wapenzi wa vali husema sauti yake ina uhai. Wa upande wa pili hujibu kwamba huo si uhai, ni ukungu. Lakini tangu mwaka 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, jambo hili si mchezo tena. Mwanafunzi wa Tororo hakisikii Kiswahili nyumbani kama akisikiavyo mwenziwe wa Mombasa, na fedha tulizo nazo zatosha chombo kimoja tu.

Tulivipima vikuza sauti vyote viwili kwa sahani ileile, wimbo "Msichana wa Elimu" wake Daudi Kabaka, na kwa spika zilezile. Hatuna budi kukiri kwamba vali zilitupendeza. Sauti ya mwimbaji ilikuwa karibu, na gitaa lilikuwa na utamu. Sababu yake yajulikana: vali huongeza ndani ya muziki sauti ndogo iliyo juu ya ile ya asili kwa oktavu moja, na sikio huipokea bila kunung'unika. Tena ikizidiwa nguvu, vali huviringisha kilele cha wimbi polepole, hali transista hukikata ghafla. Kwa hiyo utamu huo ni nyongeza. Haumo katika santuri. Nyumbani nyongeza hiyo haina ubaya. Darasani twataka kusikia kilichoimbwa.

Na kwa kweli transista ya leo si ile ya miaka ya 1960, iliyokwaruza hasa pale muziki uliposhuka chini. Wanaoisema vibaya hadi leo wanagombana na marehemu. Sauti nzito za besi zilishikika vizuri zaidi kwa transista, na umeme ulipodhoofika jioni ile huko Tororo, vali zilififia pamoja na taa ya chumba, sauti ikalegea. Transista, kwa kuwa tuliifungua kwa kiasi tu, haikubadilika. Liko pia suala la usalama: ndani ya chombo cha vali mna volti mia kadhaa, ambazo huweza kubaki humo hata baada ya kuzimwa. Tusikiweke mahali penye vidole vya watoto.

Hata hivyo, jambo lililotushangaza ni jingine kabisa. Tulipotega sikio kupambanua "th" na "s", "dh" na "z", tofauti kati ya vikuza sauti viwili ilikuwa ndogo mno. Kisha mwenzetu akaiondoa sindano iliyochakaa akatia mpya. Maneno yakasimama! Miezi yote tuliyobishana, kumbe sindano ile ilikuwa ikiyala maneno na kuitafuna santuri yenyewe. Na mwenye sahani za mizunguko 78, kama zile alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay tangu mwaka 1928, ajue kwamba mfereji wake wataka sindano nene, karibu mara tatu ya ile ya sahani za plastiki. Sindano nyembamba hukwaruza chini ya mfereji, ikaleta kelele tupu.

Basi shauri letu ni transista ya bei ya kadiri, na fedha itakayobaki iende kwenye sindano mbili. Chombo cha vali kimerudi kwa mwenyewe Busia, naye ametualika Jumamosi jioni. Tutakwenda.