Pongezi kwa Mafundi wa Kongosho

Kongosho likiugua vibaya, majimaji yake huweza kuvuja na kujikusanya nyuma ya tumbo la chakula, mwili ukayajengea ukuta. Uvimbe ukikua, mgonjwa hula vijiko viwili vya uji, akashiba, kisha akatapika. Zamani tiba ilikuwa kisu na kovu refu.

Leo wapo madaktari wanaopitia mdomoni. Hushusha mrija wenye kamera na kifaa cha mawimbi ya sauti mpaka tumboni, wakauona kwenye skrini ule mfuko mweusi wa maji, wakakagua mishipa ya damu iliyo njiani, ndipo wakatoboa. Kijibomba cha chuma, kipana milimita 10 hadi 15 hivi, hushikanisha ukuta wa tumbo na wa mfuko, na maji yakamwagikia tumboni. Wiki kadhaa baadaye kijibomba hutolewa.

Ninachowavulia kofia zaidi ni subira. Kwa kawaida husubiri wiki 4 au zaidi, ukuta ukomae. Uvimbe usiomsumbua mtu huuacha, maana mwingi hunywea wenyewe.

Na wauguzi wao nawapongeza vilevile: mfuko unapofunguka, wao ndio wanaofyonza maji mdomoni haraka yasije yakaingia mapafuni.