Gololi za Usangu: mchezo mzuri, ila kibali kiko mkononi mwa nani?

Ukitaka kumweleza mtu kwa nini mto Ruaha Mkuu hukauka kiangazi, mpe grafu. Au mpe gololi. Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, na wenzake walichagua gololi. Mchezo wao, uliochezwa na wakulima wa Usangu, Mbeya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni ubao ulioinamishwa: katikati mto, pembeni mifereji na mashamba yenye vishimo. Gololi ndiyo maji. Kila mchezaji anaweka kijiti mtoni, ndilo banio lake, na kuvuta gololi kadiri awezavyo. Wa juu wanashiba, wa chini wanabaki na vishimo vitupu.

Uzuri wake ni kwamba haumhubirii mkulima. Unawakutanisha wa juu na wa chini, wanaona, wanabishana, wanapanga zamu. Na sayansi yenyewe imo humo. Mabanio ya zamani ya mawe, miti na udongo yalivuja, na maji hayo yalimfikia wa chini. Banio la zege, tunaloliita "lililoboreshwa", linaweza kukata karibu mto wote kiangazi. Hapo Ihefu haijai. Na Ihefu humwaga maji kuelekea Hifadhi ya Ruaha pale tu kina chake kinapopita kizingiti cha mwamba cha Ng'iriama. Kikishuka chini ya hapo, mto unakatika, na huko mbele kuna bwawa la Mtera.

Sasa tuje kwenye kasoro. Ubao umejengwa kuzunguka mifereji, kwa hiyo mfugaji na mvuvi wa Ihefu hawana kijiti cha kuweka. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na ng'ombe wao, na 2008 eneo likaunganishwa na hifadhi. Mto ukaendelea kukauka. Yaani aliyebebeshwa lawama kubwa ndiye asiyekuwa na banio hata moja!

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: mchezo unaishia mezani. Sheria ya maji ya 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji, lakini kibali kinatolewa na bodi ya bonde, na kinaandikwa kwa kiasi maalumu cha maji. Mto wa Machi si mto wa Oktoba. Wanakijiji wakikubaliana kugawana nusu kwa nusu maji yaliyopo, wa juu bado anaweza kuonyesha karatasi yake na kuchukua yote, na hajavunja sheria.

Kwa hiyo kabla ya kuandika "shirikishi" kwenye ripoti nyingine, tuulize: makubaliano ya pale ubaoni yanaweza kubadilisha kibali? Kama hayawezi, basi safari ijayo afisa wa bonde naye aitwe acheze, apangiwe shamba la mwisho kabisa.